Mierebi ya Sabra

Siku alipozikwa Ibrahimu, mkewe Faudhia hakutoa chozi. Si kwamba hakutaka. Gogo la msonobari lilikuwa limemwangukia mumewe kazini, msituni kule Magamba, na tangu wenzake walipomleta wamembeba kwenye turubai, machozi yalimkwama Faudhia kama mlango uliovimba kwa mvua. Alichemsha maji ya kumwoshea, akatafuta mkeka, akamwonyesha jirani mahali pa chumvi. Wanawake waliojaa chumbani walimtazama, wakingoja. Yeye alikaa tu, mikono mapajani.

Aliyelia ni Sabra, dada mkubwa wa marehemu. Alilia mpaka kanga ikamvuka kichwani, akashikwa na watu wawili. Katikati ya kilio hicho akanyamaza, akamnyooshea kidole wifi yake.

"Mtazameni huyu. Macho makavu. Mtu aliyefiwa huwa hivi? Huyu anajua alichokifanya."

Hakuongeza kitu, wala haikuhitajika. Neno kama hilo huko milimani hujiotea mkia lenyewe. Kabla eda haijaisha ilikuwa inasemwa kwamba amemroga mumewe; watu walikuwa wameacha kununua miche ya mboga aliyokuwa akiiuza Faudhia, na wale waliokuwa wakipita uani kwake kwenda kisimani walipata njia nyingine. Eda ilipokwisha, Sabra alikuja na wazee wawili wa ukoo. Nyumba na kipande cha bonde vikarudi kwa wenyewe, ndivyo walivyosema. Miche ya kabichi na hoho aliyokuwa ameiotesha kwenye viriba vya nailoni iling'olewa yote, ikatupwa njiani ikanyagwe na mbuzi.

Faudhia alikuwa na miaka thelathini na sita, hana mtoto. Alirudi kwa mama yake karibu na Soni akiwa na nguo zake, sufuria mbili, na ndoo yenye vijiti kumi na viwili ndani ya maji. Vijiti hivyo Ibrahimu alivikata wiki moja kabla ya kufa, kwenye mti mmoja wa kigeni uliokuwa kando ya kijito. Alikuwa amependa tu jinsi vinavyotoa mizizi upesi, hata ukivisahau ndooni.

Rafiki aliyembakia ni Zipora, mwenye kibanda cha maua sokoni Lushoto. Ndiye aliyemwambia jina la mti.

"Kwenye Biblia yangu huu ni mwerebi," alisema Zipora, kisha akatoa simu. "Hebu ona wenzetu wanavyoufanya."

Pichani palikuwa na mti mdogo usiozidi kimo cha birika, ndani ya bakuli pana. Matawi yake yalishuka pande zote mpaka chini ya meza, kama nywele za mwanamke aliyeinama.

"Wanauita mti unaolia," alisema Zipora.

Faudhia aliitazama picha ile muda mrefu. "Unalia wenyewe, au kuna mtu anayeufanya ulie?"

"Nadhani kuna mtu."

"Basi na mimi nitajaribu."

Mwerebi wa Ibrahimu haukuwa wa aina ile inayoshuka yenyewe. Matawi yake yalikwenda juu, moja kwa moja, kama mjeledi ulioshikwa na mkono. Mwaka wa kwanza Faudhia alining'iniza vijiwe kwa uzi kwenye ncha za matawi. Yalikatika kwapani, pale yanapoungana na shina, moja baada ya jingine, na miti minne ikafa. Mwaka wa pili alipata waya wa shaba kwa fundi umeme, akazungushia kila tawi na kulikunja. Yalikaa vizuri. Ila masika yalikuwa mazito mwaka ule, na mwerebi ukinyweshwa hunenepa haraka. Alipokuja kuangalia baada ya majuma matano, waya ulikuwa umezama ndani ya gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Aliutoa kwa koleo, na gome likatoka nao.

Kazi yote hiyo aliifanya kwa hasira. Hakumwambia mtu, lakini kila tawi alilolikunja alilipa jina moja. "Inama, wifi," alinong'ona, huku kidole gumba kikilisukuma tawi chini taratibu, akisikiliza nyuzi zake zikilia ndani bila kukatika. "Inama. Bado kidogo." Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi barazani, alidhani anasoma dua.

Mwaka wa tatu alijua. Tawi likunjwe lingali la kijani, halijakomaa na kuwa gumu. Lifungwe kwa kamba ya katani kwenye kigingi pembeni mwa chungu, likae miezi mitatu, kamba ihamishwe kila wiki mbili isikate. Chungu chenyewe kikae ndani ya beseni la maji, maana mwerebi ukikauka siku moja tu hukasirika na kuangusha majani yote. Kufikia kipupwe cha mwaka ule miti saba ilikuwa imesimama kwenye meza ya mabanzi nyuma ya nyumba, na yote ilikuwa inalia.

Zipora aliuza miwili kwa wageni, na kila mara alisema tu kwamba ina mwenyewe huko Soni. Kisha siku moja akaja na kukaa kwenye kigoda bila kufungua kanga ya kichwani.

"Nimepata oda ya miti mitano. Nyumba ya wageni mpya, njia ya Irente."

"Ya nani?"

Zipora alitazama viatu vyake. "Ya wifi yako. Amejenga. Hajui miti ni ya nani. Nikamwambie hakuna?"

Faudhia alikuwa akikata kamba. Aliendelea kukata mpaka akamaliza kipande kile.

"Mpelekee. Mmoja uwe ule mkubwa wenye matawi matatu. Usimwambie jina langu, na usimwambie namna ya kuitunza."

"Akiuliza?"

"Mwambie maji tu."

"Faudhia, unataka nini?"

"Nataka anitafute."

Miti ilipelekwa mwezi wa kumi. Sabra aliiweka minne kwenye ngazi na ule mkubwa juu ya nguzo ya saruji mlangoni. Watu walikuja kupigwa picha, picha zikazunguka kwenye magrupu ya simu, na bibi harusi mmoja wa Tanga akasema hataki ukumbi mwingine ila pale penye miti inayolia. Zipora alimletea Faudhia habari hizo zote kwa uchungu, kama mtu anayemletea mwenzake barua ya kushindwa kesi. Faudhia alizipokea kwa utulivu. Alijua mvua za vuli zinafanya nini.

Wiki ya sita vichipukizi vilitoka. Vilitoka mgongoni mwa kila tawi, vingi, vyekundu, na vyote vilikwenda juu. Wiki ya nane miti ya Sabra ilikuwa kama fagio zilizogeuzwa. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya harusi.

Sabra alikuja mwenyewe, akitanguliwa na Zipora, amevaa baibui jipya na viatu visivyojua matope. Alipopita kona ya nyumba na kumwona aliyeketi mezani, alisimama.

"Wewe," alisema.

"Mimi."

Faudhia hakumwamkia. Mama yake, aliyekuwa dirishani, alishusha macho kwa aibu, kwa sababu Sabra ni mkubwa na shikamoo haina ugomvi. Sabra naye aliingoja. Ilipokuwa wazi kwamba haiji, akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa.

"Kuna harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Wamepachagua kwa sababu ya ile miti."

"Nasikia imesimama."

"Imesimama yote. Nimemwita bwana shamba, hajui. Mwingine akasema niikate."

"Mwerebi huu hautaki kuinama. Unainamishwa, na ukiuacha unarudi ulikotoka." Faudhia alifuta mkasi kwa kitambaa. "Naweza kuirudisha kwa asubuhi moja."

"Sema unachotaka."

"Ijumaa hiyo mnamsomea kaka yako hitima. Watakuja wanawake walewale waliokuwa chumbani siku ya msiba. Simama mbele yao, uwaambie kwamba ulichosema juu yangu ulikitunga."

Uso wa Sabra ulibadilika rangi. Alimtazama Zipora, lakini Zipora alikuwa anasoma maandishi kwenye mfuko wa mbolea.

"Nikisema hivyo nitaishije na watu?"

"Kama nilivyoishi mimi."

Mbali bondeni mtu alikuwa akimwita mwenzake kwa Kishambaa, akijibiwa kutoka mlima wa pili. Hatimaye Sabra alinyanyuka, akapangusa baibui.

"Uje Ijumaa," alisema.

Ijumaa ile Faudhia aliingia katika nyumba ya ukoo kwa mara ya kwanza tangu eda. Alikaa karibu na mlango. Baada ya dua, kabla sinia za wali hazijapita, Sabra alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilisikika.

"Kuna neno nililisema siku ya kumzika kaka yangu. Nilisema juu ya Faudhia. Neno lile halikuwa kweli. Nilikuwa na uchungu, nikalitunga. Hakumfanyia kaka yangu ubaya wowote."

Faudhia alikuwa amelingoja neno hilo zaidi ya miaka mitatu. Alikuwa amelikunja kila siku kwa vidole vyake. Sasa lilikuwa limetoka, lote, mbele ya kila aliyepaswa kulisikia, na kwa muda mfupi kifua chake kilipanuka akavuta pumzi mpaka chini.

Ndipo Sabra akaanza kulia. Alilia kama siku ile, kwa sauti, mabega yakitikisika. Wanawake walimkimbilia. Mmoja alimshika, mwingine akaleta maji, wa tatu akasema kukiri kosa ni uungwana na si kila mtu anaweza. "Pole, mama. Pole. Mungu amekusikia." Chumba kizima kilikuwa upande mmoja, na Faudhia peke yake upande wa mlango. Bi Mwanaisha, mzee kuliko wote, ndiye pekee aliyemgeukia.

"Umesikia, mwanangu. Sasa yaishe."

"Nimesikia, bibi," alijibu Faudhia.

Aliwahesabu waliomzunguka Sabra. Yule mwenye glasi ya maji ndiye aliyekuwa wa kwanza kubadili njia ya kisimani. Hakuna hata mmoja aliyemwambia pole yeye. Hasira aliyodhani itazimika siku ile haikuzimika. Ilihama tu, kama moto wa mkaa unaosukumwa upande wa pili wa jiko. Alikula wali, akanawa, akaondoka.

Jumamosi alfajiri ilipopambazuka alikuwa kwenye ngazi za nyumba ya wageni na kapu lake. Alifanya kazi kwa uaminifu. Alipunguza, akabakiza vichipukizi virefu, akavikunja kimoja kimoja na kuvifunga kwa katani, akaficha vigingi chini ya majani ya msituni. Saa nne miti minne ilikuwa inalia kuliko ilivyowahi kulia.

Kisha akapanda mlangoni kwenye ule mkubwa. Aliuzunguka mara moja. Ulikuwa mti wake bora, wenye umri wa maisha yake yote ya ujane. Akatoa msumeno mdogo kapuni, akaukata shingoni, na kichwa chote cha mti kikaanguka sakafuni na matawi yake.

Sabra alitoka na sinia la vikombe. Alisimama.

"Umefanya nini? Nimesema ulichotaka. Nimesema mbele ya watu."

"Umesema. Hiyo minne ndiyo malipo yake." Faudhia alirudisha msumeno kapuni. "Huu ni wa miche yangu."

"Miche gani?"

Alikuwa amesahau kabisa. Faudhia aliliona hilo usoni mwake, na likamchoma kuliko kilio cha jana.

"Haujafa," alisema. "Utachipua. Ukitaka uiname tena, jifunze. Inachukua miaka mitatu."

Sabra aliliweka sinia chini na mkono wake ukainuka, lakini magari ya Tanga yalikuwa yameshaanza kupiga honi barabarani, na mkono ukaishia kwenye kilemba kukiweka sawa. Juu ya nguzo akaweka jagi la maua meupe ya kalla. Harusi ilikwenda vizuri. Hakuna mgeni aliyeulizia mti wa tano.

"Umekata mti wako mwenyewe," Zipora alimwambia sokoni mchana ule. Alikuwa amekasirika kweli.

"Najua."

"Na umefurahi."

"Sana," alisema Faudhia, na ilikuwa kweli. Mikono yake ilinuka utomvu mbichi na hakuwa na haraka ya kuinawa.

Baada ya hapo watu walianza kumsalimu, na wengine wakaja kuulizia miche. Wengine aliwauzia. Wengine aliwaambia imekwisha, huku imejaa viribani nyuma yake, nao waliiona na wakaondoka bila kubisha.

Mwezi wa tatu simu yake iliita. Zipora alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Sabra anaonekana asubuhi amechuchumaa ngazini na kamba, anavunja matawi.

"Faudhia," alisema Sabra. "Ni waya au kamba?"

Faudhia alifikiri kidogo. "Kamba," akajibu, akakata simu.

Hakumwambia kwamba macho yote ya tawi yanayotazama juu, yale yanayotoa vichipukizi, hung'olewa kwa kucha kila wiki, yangali madogo kama punje ya mtama, la sivyo kufunga ni kazi bure. Hilo lilimchukua yeye mwaka mzima kulijua. Sabra naye alikuwa na mwaka wake wa kujifunza.