Ruhusa ya Namba Arobaini na Moja

Ijumaa saa nne asubuhi, mama mtunza ghala la silaha alikuwa anafuta vumbi kwenye rafu alipoiona bunduki namba arobaini na moja imesimama mlangoni, mkanda umekazwa, inasubiri ruhusa. Bunduki zote za ghala lile zilinunuliwa kwa jirani, nchi ile ile ya ng'ambo ya daraja ambayo redio kila siku ilisema haiaminiki. Tangu zije, kila mwisho wa juma bunduki moja ilikwenda kwao kusalimia, Jumatatu ikarudi. Mama aliziandikia kwenye kitabu cha ruhusa cha askari, maana kingine hakikuwepo.

Ila namba arobaini na moja alikuwa amepewa binti yake, naye askari, na Jumatatu binti alipangiwa lindo darajani.

"Wewe huendi," mama akaiambia. "Ukichelewa, mwanangu alinde daraja kwa kijiti cha ufagio?"

Bunduki ikaanza kushika kutu pale pale, kuanzia mdomoni.

Mama akamwendea Afande, mkuu wake.

"Zikienda zinarudi?" Afande aliuliza bila kuinua macho.

"Zinarudi."

"Sasa mama, shida iko wapi? Mkataba tulionunulia haujazikataza."

Mama akatafuna kifuniko cha kalamu. Mwishowe akaandika ruhusa, na kwenye nafasi ya msindikizaji akamwandika binti. Tena siku nyingi alitamani kujua zinafikia kwa nani.

Binti alirudi Jumapili mchana, bunduki begani inang'aa.

"Haya, lete habari!"

"Zinafikia kwa mama mmoja wa kiwandani, ndiye anayezifunga vitako. Ana maneno huyo, kama wewe! Kaipakata, kaisugua kutu yote, huku ananiuliza nitaolewa lini."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia amuulize mama yangu. Anakusalimu sana. Mwanawe naye ana lindo kesho, upande wao. Bunduki yake sisi ndio tuliowauzia. Ijumaa inakuja kusalimia, anaomba uipokee."

"Inapenda nini?"

"Mafuta tu, na kitambaa safi."

Jumatatu binti alisimama darajani, akamwelekezea mtutu mwana wa yule mama, naye akamwelekezea wake, kama walivyoamriwa. Ghalani Afande alileta kitabu kipya cha ruhusa, kinene kuliko cha kwanza, kwa kuwa mkataba ulikuwa umeongezwa. Mama akasafisha nafasi moja kwenye rafu, akakunja kitambaa juu ya kopo la mafuta, akaanza kuingojea Ijumaa.