Nyasi za Ndama

Niliyasikia mashineni, nikisubiri mahindi yangu yasagwe: "Yusrah kauza malisho ya Wamasai." Nikajitwika unga nikaondoka, lakini maneno yale hayakunitoka, hata nikisonga ugali nilikuwa nayasikia. Hofu yangu ikawa moja tu: mwanangu atarudije nyumbani?

Yusrah ndiye wa kwanza kwangu. Mimi niliishia la saba. Yeye kasoma mambo ya ardhi na majengo mpaka akaajiriwa na kampuni ya Dar inayoshauri vyuo vikuu vijenge wapi mabweni, vipangishe wapi maduka. Chuo kimoja kilitaka kufungua tawi huku kwetu, upande wa Mikumi. Kampuni ikamtuma yeye, eti ni mwenyeji. Nilijivuna, sikatai.

Jioni ile nikampigia.

"Umeuza ardhi ya watu?"

Akacheka. "Mama nawe! Mshauri hauzi. Nimekagua, nikaandika ripoti. Pale patupu, hakuna boma, hakuna hata alama ya kwato. Nyasi zinafika kiunoni!"

"Ulimuuliza nani?"

"Kijiji wamesaini, Mama. Usisikilize watu wa mashineni."

Nyasi zinafika kiunoni kwa sababu zimetunzwa. Wafugaji wa kwetu hutenga sehemu, wanaiita alalili. Masika yote haikanyagwi. Kiangazi, ng'ombe wakubwa wakipelekwa mbali, ndama na wanyama wagonjwa hula pale. Huku kila mkulima analijua hilo. Lakini Yusrah tulimpeleka shule ya bweni Morogoro akiwa mdogo, likizo anakaa kwa shangazi yake. Mwenyeji wa jina tu.

Chuo kikaweka bikoni za mipaka, ukafuata uzio. Kiangazi kilipokolea, ndama wa Mzee Seuri hawakuwa na pa kwenda, wakaingia kwenye vitunguu vya shemeji yangu Abubakari. Zikatoka fimbo, yakatoka mapanga. Shemeji kapoteza jicho. Metito, kijana wa Mzee Seuri, tulimzika.

Nasema tulimzika, ila mimi nilisimama mbali. Mama yake, Nalepo, ndiye aliyekuwa akiniletea maziwa. Baada ya msiba alikuja mlangoni kwangu.

"Karibu, mama Metito."

Akabaki kizingitini. "Mwanao aje. Aje aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba pale palikuwa patupu."

Chuo kikasema kilifuata ushauri. Kampuni ikasema Yusrah alikagua mwenyewe, ikamwachisha kazi. Akanipigia analia.

"Mama, nije niwaombe radhi?"

Nikawafikiria vijana wenzake Metito, jinsi wanavyopita mbele ya nyumba yetu bila shikamoo, wakiitazama.

"Usije, mwanangu."

"Hata sikukuu ya Idi?"

"Hata Idi."

Siku hizi simu yake haipatikani. Dar yuko wapi, sijui.

Wazazi wenzangu, mwenye mtoto kwenye kazi hizi amwambie aepuke haya:

Kukagua ardhi msimu mmoja tu, akafunga ripoti.

Kuandika kwamba mahali ni patupu kabla hajakaa na wafugaji, wanawake wao wakiwemo, maana ndio wanaokamua na kujua ndama hula wapi.

Kutegemea saini za ofisi ya kijiji.

Kwenda peke yake.

Kukubali kutumwa kwao kwa sababu ya kuitwa mwenyeji.