Meza Iliyokataa Kupita Mlangoni

Fundi seremala alishika msumeno, akamtazama mzee akisubiri ruhusa. Meza ile ndefu ilitengenezewa humohumo chumbani, na mlangoni haipiti. Binti yake alishafunga mizigo. Baba anahamia kwake, basi meza ikatwe, nusu itamtosha. Mzee moyo ulimuuma, kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa ya marehemu mkewe.

Zamani, kabla kompyuta hazijaingia ofisi ya maji, kompyuta walikuwa wao wawili, na kazi ya hesabu walikuja nayo nyumbani, kwenye meza hiyo. Kiangazi kikianza, mkubwa wao alitaka kujua bwawa litashuka vipi mpaka mvua zirudi. Jibu la mkato halikuwepo. Ilibidi waende hatua kwa hatua. Mke, upande wa kushoto, aliangalia maji yanashuka kwa kasi gani leo, akakisia kina cha wiki ijayo kana kwamba kasi haitabadilika. Mume, upande wa kulia, alitafuta kasi ya huko mbele kwa kisio hilo, akachukua wastani wa kasi zote mbili, akasahihisha. Bwawa likishuka na kasi nayo hupungua, kwa hiyo kisio la mke lilikuwa chini kila mara.

"Umepunguza, mama," mume alikuwa akimtania. Mke alimjibu kwamba asipopunguza, mumewe atakula mshahara wa bure. Utani huo ukahamia jikoni, ukawa wa chumvi, wa wageni, wa kila kitu. Raha iliyoje, nyumba ile.

Hospitalini mke alisema mvua hataiona. Mume akamshika mkono, akamwambia amepunguza. Alifariki kiangazi hakijaisha. Mara hiyo hakukuwa na cha kusahihisha, na tangu hapo mzee hakulitamka tena neno lile.

"Kata tu," alimwambia fundi.

Binti alimtazama usoni, akavuta kiti cha baba cha upande wa kulia, akakaa. "Kwangu utazoea, baba?"

Mzee maisha yake yote alikuwa mtu wa kusahihisha, kukisia hakukujua. Akajaribu. "Sitazoea, mwanangu."

"Umepunguza, baba."

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Kisha akamwambia fundi aweke msumeno chini, ang'oe fremu ya mlango.