Ethi ya Kiti cha Nyuma

Jumanne saa tatu asubuhi fundi umeme wa magari alikuwa amelala chali chini ya usukani wa gari la kijani, kisogo kwenye pedali ya breki, tochi mdomoni, akifungua nati ya mwisho ya dashibodi. Ilikuwa dashibodi ya mbao, ya enzi zile watu walipokuwa wakipaka mbao za gari vanishi kama meza ya sebuleni. Mwenye gari alitaka geji mpya zinazosema kweli, lakini hakutaka tundu jipya hata moja, na sura za zamani zibaki vilevile, pamoja na namba zake za rangi ya maziwa na vioo vyake vya duara. "Mtu akichungulia," alikuwa amesema, "asijue kama kuna kilichobadilika."

Mtaani walimwita fundi huyo Mama Nyaya, ingawa hakuwa na mtoto. Nyaya ndizo alizokuwa nazo. Mwenye gari walimwita Mkuu. Alikuwa mkuu wa ofisi moja isiyo na kibao mlangoni, na hakuna aliyewahi kuuliza njia ya kwenda huko, kwa sababu wote waliokwenda walipelekwa. Mtu kama huyo akikuletea gari husemi una kazi nyingi. Unasema karibu, na unahesabu siku hadi atakapolichukua.

Basi Mama Nyaya akafanya kazi yake kwa uangalifu wa mtu anayeogopa. Alikunjua pete ya chuma ya geji ya kwanza kwa mpini wa kijiko cha chai, kidogo kidogo, akizunguka mara tatu ili isipinde. Akatoa mashine ya zamani iliyokwisha kufa, akatia mpya, akaurudisha uso wa zamani kwa skrubu mbili ndogo za kushikwa kwa koleo la nyusi. Mshale mpya ulizidi ule wa zamani kwa unene wa ukucha; akaukata kwa kikata kucha cha mama yake. Geji ya joto la maji ilikataa kuingia kwa kuwa ilikuwa na mgongo mrefu, akaupiga tupa hadi ukakubali. Kufikia adhuhuri zote tatu, ya presha ya oili, ya joto na ya chaji, zilikuwa zimekaa kwenye matundu yao, hazina hili wala lile.

Ilibaki ethi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Geji isiyo na ethi nzuri haina tofauti na shahidi wa kununuliwa: inasema chochote. Bolti ya ethi ya asili ilikuwa imeliwa na kutu. Lakini nyuma ya dashibodi Mama Nyaya aliona waya mweusi, mnene kama kidole gumba, uliopita chini ya kapeti hadi kwenye pete ya chuma iliyochomelewa sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Hakujua ulikuwa wa kazi gani. Aliupima kwa mita, akaukuta safi, akafunga geji zote tatu hapo. Kila fundi hukuta waya wa fundi aliyemtangulia, na kila fundi huutumia.

Alikuwa bado hajarudisha betri wakati mshale wa presha ulipoanza kutembea.

Ulipanda hadi arobaini, ukawa unacheza: mara tatu za haraka, kisha kimya kidogo, mara tatu, kisha kimya. Geji ya joto ilisimama kwenye thelathini na saba. Ile ya chaji peke yake ndiyo iliyobaki na akili zake, ikaonyesha sifuri. Mama Nyaya aligeuka akatazama kiti cha nyuma. Hapakuwa na mtu. Akampigia simu muuza vipuri aliyemuuzia geji, akamweleza.

"Ethi umeichukua wapi, dada?" muuza vipuri aliuliza.

"Nyuma. Kuna waya mweusi."

"Ndiyo hivyo. Magari ya ofisi ile yote yako hivyo. Ukifunga hapo, inasoma waliokaa nyuma. Toboa ethi mpya huku mbele, itanyamaza."

"Inamsoma nani?"

"Mimi nauza geji, dada yangu. Habari siuzi."

Angetoboa mchana uleule, lakini mama yake alikuwa anakuja na chai. Mama alikuwa na miaka themanini na mbili, alikaa chumba cha uani nyuma ya gereji, na kila siku alimletea bintiye kikombe kimoja na maneno mengi. Siku hiyo alichungulia dirisha la gari, akautazama mshale, akatazama sana, na chai akainywa mwenyewe bila kujua. Kisha akaingiza mkono, akaweka kiganja juu ya kioo cha geji.

"Ni mdogo wako huyu," alisema.

Mama Nyaya alikuwa ameshajua. Mdogo wake alizaliwa na moyo unaoruka. Mkunga alisema hatafika kutambaa, na mama alilala miaka miwili sikio likiwa kifuani pa mtoto, akihesabu tatu na kimya. Alitambaa, akatembea, akawa mwalimu wa hesabu. Miaka ishirini na miwili iliyopita, saa nane mchana, alitoka kwenda kununua chaki. Watu wa pale kona walisema walimwona akiingizwa kwenye gari la kijani. Kesho yake watu walewale walisema hawakumwona, na mmoja wao, muuza rangi, alisema hata kijani chenyewe hakijui.

"Amejuaje njia ya nyumbani?" mama aliuliza.

"Hakuja, mama. Ameletwa."

Mama alifungua mlango wa nyuma, akakaa.

Kwa siku tatu hakutoka humo ila kula na kulala. Geti lilipolia mshale uliruka hadi tisini, kwenye nyekundu. Viatu vya kisigino kigumu vilipopita barabarani, vivyo hivyo. Mama aligundua kwamba ukiongea naye unashuka. Kwa hiyo alimsimulia. Bati la chumba cha mbele limebadilishwa. Yule mchumba wake alisubiri miaka minne, hatimaye akaolewa na mpima ardhi; ana watoto watatu, na huyo mkubwa hesabu hajui hata ya kudanganyia. Hapo mshale ulitulia kwenye ishirini, na mama akacheka hadi akakohoa.

"Ona, anafurahi! Huyu tangu zamani ana roho ya kwa nini."

Mama Nyaya hakucheka. Aliogopa akiwa chini ya magari ya watu, aliogopa akinawa mikono, aliogopa hata alipomsikia mama yake akicheka, kwa sababu kicheko husikika barabarani. Alhamisi mchana alishika drili.

"Mama, shuka. Kesho Mkuu anakuja. Nahamisha ethi."

"Unaihamishia wapi?"

"Mbele. Geji zisome injini."

"Na yeye?"

Mama Nyaya alikaza ncha ya drili.

"Ulimzaa wewe?" mama aliuliza, bila kupandisha sauti. "Miaka ishirini na miwili nimekosa hata kaburi la kufagia. Leo nimepata mshale mmoja, unataka kuukata. Ukiugusa waya huo, mimi si mama yako."

"Akigundua, mama, tumekwisha."

"Tulikwisha zamani, mwanangu. Weka hiyo drili."

Aliiweka. Lilikuwa kosa, na alijua ni kosa wakati anaiweka, lakini mwenye mama hahitaji kuelezwa. Akarudisha kapeti, akapangusa alama za vidole kwenye vioo, akafunga betri. Usiku mzima hakupata usingizi.

Ijumaa saa nne Mkuu alikuja kwa miguu. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye sauti ya chini, na alilifungua geti kwa utaratibu hata halikulia. Alimkuta mama amekaa kwenye kigoda mlangoni. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Kuna salamu ambazo mdomo huitikia kabla moyo haujaulizwa. "Marahaba, mwanangu," mama alisema. Akamtazama toka viatu hadi kichwa, akaongeza: "Uliendeshe polepole."

"Nitaliendesha polepole, mama."

Mkuu alipitisha kidole kwenye dashibodi, akatafuta alama, hakuipata. "Utadhani limetoka kiwandani leo," alisema, na alimaanisha. Kisha akafungua mlango wa nyuma. "Twende tukalijaribu. Wewe kaa huku."

"Fundi hukaa mbele, Mkuu. Aone geji."

"Geji nitaziona mimi."

Mama Nyaya alikaa, pete ya chuma ikawa katikati ya miguu yake. Akajikaza kisabuni. Alijaribu kufikiria mambo matulivu, fyuzi zilizopangwa kwenye boksi, chumvi, ukuta. Alijua kila kitu kuhusu umeme na hakujua namna ya kuuambia moyo wake unyamaze. Walipopinda kona ya kwanza mshale ulikuwa umefika themanini na tano, na ulipiga mapigo mawili, moja juu ya jingine, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Mkuu aliutazama, akamtazama yeye kwenye kioo cha ndani, akautazama tena.

"Unaogopa, fundi."

"Hapana, Mkuu."

Mshale ukagonga mwisho.

"Una ndugu?"

"Nina mama tu."

Ukagonga tena. Mkuu alidonoa kioo cha geji kwa ukucha, taratibu, kuhakikisha haujakwama. Akamuuliza wanaishi mtaa gani, akajibu, ukashuka. Akamuuliza kama anaipenda ofisi yake. Akasema anaipenda sana, ukapanda. Wakazunguka soko mara mbili namna hiyo, swali jepesi, swali zito, na Mkuu akawa anatabasamu peke yake. Jasho lilimtiririka Mama Nyaya mgongoni hadi kwenye ngozi ya kiti. Watu wa sokoni waliwapungia mkono, maana gari lilikuwa zuri.

"Na huyu mwingine," Mkuu alisema, "huyu wa tatu na kimya. Namkumbuka. Mwalimu. Hakusema neno safari nzima, na alikuwa anahema vibaya, tukajua anaficha jambo kubwa. Tulimuuliza siku sita." Akakanyaga breki kumpisha mwanamke mwenye kikapu. "Kumbe ulikuwa moyo tu."

Mama Nyaya alimchukia mtu yule hadi meno yakamuuma, na bado alimwogopa kuliko alivyomchukia. Alitazama kisogo chake kilichonyolewa vizuri. Mikono yake mwenyewe ilikuwa magotini, na haikuondoka magotini.

"Siku zile tulikuwa tunabahatisha," Mkuu aliendelea, kwa masikitiko ya kweli. "Unamuuliza mtu, hujui amenyamaza kwa ujeuri au kwa kuwa hana la kusema. Tumepoteza muda mwingi sana. Lakini yaliyopita si ndwele, fundi, tugange yajayo. Nina magari sita, meupe, ya kazi za kila siku. Yatakuja Jumatatu. Funga hivihivi, ethi nyuma."

"Na oili, Mkuu? Presha ya oili hutaiona."

"Oili ina kijiti chake. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema, na mshale haukutikisika, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli.

Mkuu alimshusha getini, akamshukuru, akaondoka polepole kama alivyoahidi. Mama alisimama kwenye kigoda ili alione gari hadi mwisho wa barabara. Lilipopinda, alishuka kwa kumshika bintiye bega.

"Ataletwa lini tena?"

"Baada ya kilomita elfu tano. Kubadilisha oili."

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole kilomita elfu tano ni miezi mingapi kwa gari la kutembezwa Jumapili tu. Alifika kidole cha saba, akaacha, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mama Nyaya alibaki nje. Alitaka kumfuata amwambie yote, siku sita, ngozi ya kiti, magari mengine, lakini hakuona ni lipi kati ya hayo mama angeweza kulibeba. Akafagia gereji iliyokuwa safi.

Jumatatu saa mbili asubuhi magari sita meupe yalikuwa yamejipanga nje. Madereva walishuka, wakaacha funguo juu ya meza, wakaondoka kwa pamoja bila kuaga. Mama Nyaya alifungua mlango wa nyuma wa gari la kwanza, akaweka kiganja kwenye kiti. Kilikuwa bado kina joto. Akaenda kutafuta spana namba kumi na tatu.