Mke Mwenza wa Chuma

Khamisa aliishi na mke mwenza wa chuma, na Makindu nzima ilimjua huyo mwenzake kwa sauti. Miaka yote ambayo mumewe, Abdulkadir, aliendesha gari la moshi, alikuwa akipita nyuma ya nyumba yao nje kidogo ya mji, anapiga honi mbili, fupi na ndefu, anaenda zake Nairobi. Khamisa alikimbilia dirishani na unga mikononi. Bahati njema, pale nyuma gari lilichoka kidogo na kilima, likakokota miguu, naye akapata nafasi ya kuuona mkono wa mumewe ukipunga. Halafu moshi. Wenzake wakimtania bombani kuhusu bwana asiyekaa nyumbani, aliwajibu kwamba yeye ameolewa na mkono.

Ungedhani mtu akistaafu atakaa barazani anywe kahawa na mkewe. Wapi! Abdulkadir alirudi na masanduku ya garimoshi dogo la umeme, aliyoyanunua kwa Mwingereza mmoja wa reli aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Akakitwaa chumba cha wageni, akatandika mbao ukuta hadi ukuta, akaanza kuijenga upya njia yake yote. Mombasa ilikuwa mlangoni. Voi ilikuwa chini ya dirisha, na Tsavo aliipaka udongo mwekundu wa kulekule. Alipofika Kibwezi reli zikaisha. Mbele yake palikuwa mbao tupu, na mwisho wa mbao kijumba kimoja cha boksi la kiberiti, chenye dirisha la karatasi. Hapo ndipo kiharusi kilipomkuta, kikamchukua upande wa kulia pamoja na ulimi.

Alilia mpaka kitanda chake kikahamishiwa humo. Kutwa alitazama lile pengo, akinyoosha kidole cha mkono wa kushoto kutoka Kibwezi hadi kwenye kijumba. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu hata ukimletea alifumba meno. Daktari wa zahanati alimwambia Khamisa bila kuzunguka kwamba mwili ungeweza kupona, ila moyo umeshaanza kuaga. Na Khamisa, Mungu amsamehe, kabla hajaogopa alikasirika. Hata kufa anataka kufa na yule! Ndani ya hasira hiyo mlikuwa na swali la tangu ujana wake. Je, aliwahi kupendwa, au yeye alikuwa stesheni ya kupitwa tu? Mtu akifa bila ulimi, nani angemjibu?

Basi akajifunga leso akaenda kutafuta fundi. Mulei wa redio alikuja, akaunganisha nyaya na betri ya gari, na garimoshi likatoka Mombasa vizuri sana hadi Kibwezi, likaanguka. Seremala akachonga reli za mti, za kupendeza kweli, lakini umeme haupiti kwenye mti. Mulei akasema kinachotakiwa ni shaba. Waya wa shaba wa dukani ulikuwa mwembamba kama nywele, ukajikunja wenyewe. Wakati huo sokoni maneno yalikuwa yameiva: nyumba ya yule Mswahili ina gari linalolia ndani kwa ndani, na dereva wake hasemi. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ikawa ni majini kutoka pwani. Mulei naye ghafla akawa na kazi nyingi mji wa Salama.

Hapo ndipo alipokuja Syokau. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa la mtaani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mbuzi, na hakuja kusaidia hata kidogo. Alikuja kukemea pepo. Alisimama mlangoni na Biblia kwapani, na Khamisa, aliyechoka kubishana na dunia, akamkaribisha ndani na kuzungusha kitufe.

Garimoshi likaondoka. Ilikuwa saa kumi, jua limelala chumbani, vumbi linaelea humo polepole. Syokau alifungua mdomo akemee, na mdomo ukabaki wazi. Taa ndogo ilipita Voi, ikazama nyuma ya vilima vya plasta, ikatokea Tsavo, na vichaka alivyovitengeneza mzee kwa nyuzi za katani vilionekana kama vinatikisika kwa upepo. Akapiga magoti, akaweka shavu kwenye mbao, akalitazama likimjia. Alisema aliwahi kupanda gari mara moja tu, akiwa msichana, amelala mapajani pa mamake. Mamake alivaa waya wa shaba kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, kama mama wa zamani, na njia nzima ule waya uliimba. Kisha garimoshi likaanguka Kibwezi. Syokau akamtazama mzee, akakitazama kidole chake, akaondoka bila kusali.

Kesho yake alirudi na kiondo. Kilijaa bangili za mamake za waya wa shaba, nzito, zimesokotwa, zinanuka mtama. Alipookoka aliambiwa vitu vya ngoma vitupwe.

"Nilimwambia mchungaji nimezitupa, Mama Abdulatif," alisema, akimwita Khamisa kwa jina la mwanawe. "Na kweli nilizitupa. Chini ya mtama, ghalani."

Khamisa alimwuliza kama ana hakika. Mwenzake akajibu kwamba mamake alipenda safari, na ghalani hakuna anakokwenda.

Wakawasha jiko. Syokau alijua kuilainisha shaba motoni na kuivuta kwenye nguzo mpaka inyooke. Alikata kijiti cha kupimia upana katikati ya reli za Kibwezi, na kila hatua akakiuliza hicho kijiti kabla ya kugonga. Akina mama wa kanisa walipokuja kuuliza kama pepo ametoka, aliwapa fito wapasue mataruma, vile vijiti vya kulalia reli. Siku zikapita kama usingizi wa mchana, nyimbo za kanisa upande huu wa mbao, kasida upande ule, na shaba ikisogea kuelekea kijumba kidogo kidogo.

Walipomaliza, Khamisa alikiweka kisanduku cha mwendo, chenye kile kitufe, chini ya mkono wa kushoto wa mumewe. Garimoshi likatoka Mombasa. Likavuka Kibwezi, likaingia kwenye shaba, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya kuimba. Syokau alifunika uso kwa kanga. Likapita mahali pa stesheni ya Makindu, likakikaribia kijumba cha kiberiti. Hapo likachoka. Likaanza kukokota miguu.

"Betri," alisema Syokau kwa huzuni.

Khamisa naye alidhani hivyo. Aligeuka kutazama kisanduku, akaona vidole vya Abdulkadir vikirudisha kitufe nyuma, pole, pole, jinsi mtu anavyofunga mlango mtoto akiwa amelala. Garimoshi likajivuta mbele ya dirisha la karatasi kama lilivyokuwa likijivuta siku zote mbele ya dirisha lake. Lakini ile mbao ilikuwa sawasawa, bila mwinuko wowote. Syokau mwenyewe alikuwa ameipima kwa bakuli la maji.

Khamisa alikwenda kwenye dirisha la nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani aliitazama njia yenyewe badala ya kutazama gari. Ilinyooka katika jua kali, tambarare kama meza, mpaka macho yakakoma.

"Hapakuwa na kilima," alisema. "Abdulkadir, ulikuwa ni wewe?"

Ulimi haukumjibu. Mkono wa kushoto ukaacha kitufe, ukainuka juu ya shuka, ukapunga. Khamisa alilia huku anacheka, kisha akafuta uso, akaenda jikoni kuleta uji. Safari hii mzee hakufumba meno.