Kibofu cha Papa Rubens na Mto Lukuga

Asubuhi ile maji ya ziwa yalikuwa yamekwisha kuingia barazani, na Mama Yvette alikuwa anakaanga mikate kama kawaida, miguu yake juu ya tofali, wateja wamesimama ndani ya maji hadi vifundoni, wanapiga mdomo. Habari ya siku ilikuwa mume wake. Papa Rubens, mzee wa reli aliyegeuza njia za treni mpaka akapewa pensheni, alikuwa anaenda choo nyuma ya nyumba, anakawia, anarudi, anakaa kidogo, anainuka tena.

"Yvette, ule mzee iko na bibi mwengine kule nyuma," jirani yake Rosalie alisema.

"Kama yuko, anamunyima chakula. Angalia vile anarudi amenuna."

Watu walicheka. Yvette alicheka nao, lakini wiki ile ile alikuwa amenusa shati la mume wake kwa siri na kukuta harufu ya sabuni tu.

Papa Rubens hakueleza kitu. Mwanaume wa reli hazungumzi na mke wake mambo ya mukojo. Alikuwa ameacha chai, ameacha mchuzi, akiamini kwamba kisichoingia hakitadai kutoka. Akajikausha hivyo kama samaki wadogo wa ndagala juani, na tumbo la chini likazidi kuvimba.

Siku hiyo njia ikafunga kabisa. Alisimama chooni muda mrefu, hata tone halikutoka. Na saa hiyo hiyo, pale maji ya ziwa yanapotokea tangu zamani kushika njia ya magharibi, Lukuga, mto wenyewe, ikasimama. Maji hayakupungua, yalisimama tu, kama watu kwenye foleni. Wavuvi waliliona, wakaja kulisema sokoni, watu wakasikiliza, kisha wakaendelea kununua sukari. Mchana ziwa lilifika kwenye vitanda.

Yvette alimkuta mumewe ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Unaumwa wapi?"

"Sina kitu."

"Tumbo kama la mimba, na unaniambia huna kitu. Rubens, leo sikuombi ruhusa."

Barabara ilikuwa imeliwa na maji, kwa hiyo walimpakia kwenye mtumbwi mpaka kituo cha afya. Muuguzi, kijana mmoja jina lake Ruffin, alimgusa tumbo, akavaa glavu.

"Papa, ni prostati. Ni tezi ndogo inazunguka njia ya mukojo. Muntu akizeeka inanenepa, inakaba njia. Wazee wengi wako nayo, wanaificha mpaka inawaua."

Akaingiza mpira mwembamba, ule wanaouita sonda. Mukojo ukashuka ndani ya ndoo, mrefu, bila haraka. Papa Rubens akafumba macho. Huko nje Lukuga ikaachia kwa mlio wa mabehewa yanayoanza kuvutwa, na maji yakatoka majumbani kinyumenyume, yakaacha matope na samaki wadogo chini ya vitanda. Ruffin alichungulia dirishani, akarudi kunawa mikono.

"Kumbe njo hii," alisema. "Sisi tulizani ni muchanga unaziba mto."

Halafu akamwambia Yvette yaliyobaki. Sonda ni ya kusubiria tu. Itaziba, na ikiziba sana, figo zitakufa na mzee atazifuata. Dawa ni kupasuliwa. Daktari wa kupasua hiyo yuko Lubumbashi, na kwa barabara hatafika mzima. Ni ndege.

Hakuna aliyebisha kwamba mto unafuata kibofu cha mzee. Toussaint, chefu wa kartie anayeongoza mtaa ule, alikuja na koti lake la sikukuu kusema kwamba Papa Rubens sasa ni wa watu wote. Ikaundwa kamisheni ya maji. Wakubwa wakafika na buti mpya, wakapima ziwa, wakapima tumbo la mzee kwa kamba ile ile, wakakubaliana kwamba vipimo vinalingana, wakala mikate ya Yvette yote na kupangusa mikono kwenye pazia lake. Wakaahidi ndege.

Ndege ilikuja kweli. Yvette alimvalisha mume wake suti aliyoivaa kwenye harusi ya mtoto wao, mfuko wa mukojo uliofungwa kwenye sonda akauficha chini ya koti, wakafika uwanjani mapema. Mkubwa wa kamisheni alimsalimia kwa mikono miwili.

"Mama, ndege imejaa. Sisi tunaenda Lubumbashi kumusemea."

"Kumusemea nini? Yeye anajua kusema. Mugonjwa ni nani kati yenu?"

"Kila kiti kiko na mwenyewe, Mama."

Yvette aliangalia ndani. Kamisheni ilikuwa imekaa, na bibi wa mkubwa, na kwenye kiti cha dirishani mfuko wa ndagala wa zawadi, umefungwa mkanda vizuri.

"Nyie wanaume, nanyi mutazeeka," aliwaambia, sauti haikupanda.

Papa Rubens alikuwa amesimama, mkono juu ya mfuko wake. "Mie niliwafungulia njia watu wote wa mji huu," alisema, kisha akaomba wamrudishe nyumbani.

Kamisheni ilirudi imenenepa. Walileta ubao wenye rangi wa kupimia maji, wakausimika mbele ya nyumba ya Yvette, nyekundu juu, kijani chini, ili watu wajue hatari. Toussaint alikata utepe.

Tangu hapo kartie imezoea. Kila asubuhi Rosalie anapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Yvette, tupandishe magodoro?"

Hamna anayeuliza mzee amelalaje. Leo Yvette aliacha mafuta kwenye moto, akaingia ndani. Miguu ya Papa Rubens ilikuwa imevimba, pumzi yake inanuka mukojo, na mfuko wa sonda ulikuwa mkavu. Ruffin alikuwa ameitwa. Alikuwa njiani, na mpira mwengine wa aina ile ile.

Yvette alitoka kwenda barazani. Maji yalikuwa yanapanda kwenye kijani cha ubao.

"Pandisheni magodoro," alisema, akavuta tofali, akaweka miguu juu, akageuza mikate.