Nipe Mji

Mjukuu wangu nilimwita Sindano kwa wembamba wake, jina likamganda. Nimemlea mimi tangu meno ya utoto. Sasa yuko chuo kikuu, mji wa mbali, anasomea shahada ya pili ya hesabu. Huku anasoma, huku anafundisha. Kazi yenyewe inaitwa msaidizi wa mhadhiri.

Aliponiambia sikuelewa. Mimi niliishia darasa la saba, na msaidizi wa mwalimu ninayemjua ni yule wa kufuta ubao na kubeba madaftari. Nilikuwa mimi huyo.

"Mke mwenzangu, umesoma kote huko ukafute ubao?"

Akacheka kwenye simu. "Bibi, profesa anafundisha ukumbini, watu kama siafu. Wakitoka hawajaelewa wanaletwa kwangu, kundi kwa kundi, nawatafunia."

"Yaani yeye anapika, wewe unalisha."

"Na nasahihisha mitihani. Nikifumba macho naona mikasi nyekundu ya makosa tu."

Nilimhurumia, lakini moyoni nilikuwa nangoja amalize arudi. Shule ya hapa haina mwalimu wa hesabu. Kitanda chake nakitandika, blanketi nalianika juani. Kikombe chake kilichokatika mkono kiko kabatini na hakuna ruhusa mtu kukinywea. Chai bado naipika ya watu wawili, mkono umezoea. Jirani yangu fundi cherehani hunichokoza: "Sindano inashona nguo za watu huko, sisi tumebaki na uzi."

Jumapili mchana hupiga simu, tunategana vitendawili kama zamani. Akishindwa, namwambia, "Nipe mji." Anayeshindwa lazima atoe mji, ndipo aambiwe jibu. Alipokuwa mdogo alikuwa bahili huyo! Watoto wenzake wanatoa miji mikubwa, yeye ananipa jikoni, ananipa chini ya kitanda. Nikimuuliza kwa nini, anasema, "Usiende mbali, Bibi."

Jumapili moja akanipigia anacheka mwenyewe. Wanafunzi wake walikuwa wanasinzia baada ya chakula, mdomo ukamponyoka: "Kitendawili!" Darasa zima likaamka: "Tega!" Akawategea hesabu ileile iliyowashinda kwa profesa. Aliyeshindwa akadaiwa mji. Tangu siku hiyo wanafunzi wanamwita Nipe Mji, na chumba chake kinajaa hadi dirishani.

"Profesa alikuja kusimama mlangoni," akasema. "Alidhani tunagombana."

"Akakufukuza?"

"Hapana. Anataka nibaki, Bibi. Nisomee shahada ya tatu, na darasa lile niendelee nalo. Nimpe jibu kesho."

Nilikaa kwenye kiti. Mchezo niliomfundisha mimi ndio uliomnasa huko.

"Na wewe unatakaje?"

"Sijui. Nikirudi nitakuwa karibu nawe. Ukiniambia rudi, narudi."

Na kweli angerudi, huyo namjua. Neno lilikuwa ulimini, fupi, silabi mbili. Nikalisikia linavyotaka kutoka. Nikamsikia na yeye anavyopumua, kama alivyokuwa akipumua mlangoni siku ya matokeo, bahasha mkononi, anaogopa kuifungua.

"Bibi, upo?"

"Nipo. Tumeanza mazungumzo bila kitendawili. Leo tega wewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akafikiri. "Kitendawili."

"Tega."

"Nimemwacha nyumbani, nimemkuta ugenini."

Mwezi. Nilimfundisha mwenyewe, tumekaa kizingitini, ana pengo mbele, anasema "mwethi". Hata ungeniamsha usingizini ningelijibu.

"Kigumu hicho," nikasema. "Jua?"

"Siyo."

"Kivuli?"

"Siyo, Bibi." Sauti yake ilianza kubadilika. "Hiki unakijua."

"Uzee, mke mwenzangu. Nimeshindwa."

Nilisikia watu wakipita upande wake, na mlango ukijifunga.

"Nimeshindwa," nikarudia. "Si unajua la kusema?"

"Nipe mji," akasema, taratibu sana.

"Nakupa huo unaoishi. Chukua wote, na chuo chake, na wanafunzi wako wa dirishani. Mimi si bahili kama wewe."

Alilia. Nilimwacha alie, halafu nikamkumbusha kwamba mji nimeshatoa na jibu sijapewa.

"Nimekwenda mji huo," akasema huku akivuta kamasi, "nikakaa, nikafundisha, nikamkumbuka bibi yangu kila siku. Jibu ni mwezi."

"Kumbe," nikasema.

Tulipomaliza niliinjika chai, na mkono ukatia maji ya watu wawili kama kawaida yake. Sikuyapunguza. Nilitoa kabatini kile kikombe kisicho na mkono, nikakisuuza, nikakinywea, nimekishika kwa viganja vyote viwili kwa sababu kilikuwa cha moto.